"Put" moja, vitenzi saba vya Kijerumani

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa mafunzo ya upishi katika hoteli moja mjini Hamburg. Msimamizi wetu alikuwa na ukurasa mmoja wa maagizo ya kufunga jiko usiku, umeandikwa kwa Kiingereza, akaniomba niutafsiri kwa Kijerumani kwa sababu wapishi wawili wapya hawakujua Kiingereza. Nikadhani ni kazi ya nusu saa. Ukurasa ule ulikuwa na kitenzi "put", yaani "weka", mara 12.

Kamusi ilinipa stellen, legen, setzen, stecken, hängen na tun. Nikashika legen, nikaiandika kila mahali, maana ndiyo niliyoizoea.

Mama mmoja Mjerumani, mkongwe wa jiko lile, akanisomea. Alipofika kwenye agizo la chupa za divai na friji akasimama. Hakushika kalamu. Alichukua chupa akaisimamisha mezani, akasema, "Stellen." Akailaza ubavu: "Legen." Mimi nilikuwa nimeagiza chupa zote zilazwe, na zile zilizokwisha funguliwa zingemwagikia friji nzima.

Usiku ule nilikiweka Kiingereza kando. Nikajiuliza: mama yangu kule Tanga angesemaje? Yeye hasemi "weka" kwa kila kitu. Maji huyabandika, chumvi huitia, mtoto humlaza, kisu hukichomeka kwenye makuti, kanga huitundika. Nikaanza kuoanisha. Kulaza ni legen. Kusimamisha ni stellen. Kuchomeka ni stecken, na papo hapo nikaona kwa nini soketi ya ukutani inaitwa Steckdose. Kutundika ni hängen. Na kubandika maji, ambako Kiingereza kilinipotosha kabisa, Wajerumani wana neno lake: Wasser aufsetzen. Nilifurahi kama niliyekutana na jirani wa nyumbani ugenini. Chumvi nayo, katika maagizo ya mapishi, huambatana sana na geben, yaani kupa: Salz in die Suppe geben. Supu hupewa chumvi.

Sahani ndiyo iliyonisumbua. Ni bapa, imelala mezani, kwa hiyo niliandika legen bila wasiwasi. Kesho yake yule mama akatikisa kichwa, akaigeuza sahani chini juu na kupitisha kidole kwenye ule mduara ulioinuka kidogo chini yake. Kitako! Kwa Kijerumani, sahani yenye kitako chake chini husimama, hata ikiwa bapa namna gani, kwa hiyo ni stellen. Kwetu kitu chenye kitako hukaa, kwao husimama. Lakini uma na kijiko havina pa kusimamia, hivyo hubaki na legen. Tangu hapo, nikiwa na shaka, kwanza nakitazama kitu chenyewe chini.

Kulikuwa na mtego mwingine. Kuisimamisha chupa mezani ni auf den Tisch stellen, ila ikishasimama ni auf dem Tisch stehen. Kiswahili huuliza "wapi" kwa yote mawili. Kijerumani huuliza wohin kwa kitu kinachopelekwa na wo kwa kilichokwisha tulia. Nilichora mshale pembeni mwa kila sentensi yenye mwendo, nikarekebisha den na dem moja moja. Taa za kuzimwa, ambazo Kiingereza husema "put out", hazikunipa tabu: ausmachen, basi.

Agizo la mwisho lilisema karatasi yenyewe iwekwe kwenye mlango wa chumba cha baridi. Kwetu ungeibandika, neno lile lile la sufuria. Nilimuuliza yule mama, akajibu bila kufikiri: an die Tür hängen, hata kama ni kwa gundi. Nikaandika hängen, nikakata vipande vinne vya utepe wa gundi, nikaibandika.