Sonona si uvivu

Hapa Dodoma jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, limegeuzwa kuwa tusi la mitaani, na nadhani utani huo umewachelewesha wagonjwa wengi kuliko umbali wa hospitali yenyewe. Shangazi yangu, mkulima wa zabibu kule Hombolo, alipata sonona, ugonjwa wa akili unaoleta huzuni nzito na kukosa hamu, akaacha kupogoa mizabibu yake. Uji ulipoa mbele yake, usingizi ukakatika saa tisa usiku, na majirani wakasema amerogwa, wengine kwamba ni mvivu tu. Daktari aliuliza kama huzuni na kukosa hamu vimedumu wiki 2 au zaidi, kisha akauliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua, swali ambalo halimpandikizii mtu wazo hilo bali humfungulia kinywa. Alipimwa pia damu, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kufanana na sonona. Dawa alizoandikiwa huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, wala haziachwi ghafla mtu anapojisikia vizuri. Aliendelea pia na ushauri nasaha. Anayewaza kujiua asingoje miadi: asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo katika kituo cha afya kilicho karibu.