Mabati Hayapasuki

Mvua ya Juni ya Tokyo si kama masika ya kwetu Unguja. Masika hupiga, hufoka, halafu yakapumzika na jua likatoka. Ile ya Tokyo hunyunyiza tangu alfajiri mpaka usiku, kidogo kidogo, kama mtu aliyenuna asiyetaka kusema kilichomuudhi. Jioni moja ya mwaka 2013 ilinikuta nje ya stesheni ya Takadanobaba sina mwavuli. Nilikuwa mwanafunzi wa elektroniki, mwaka wangu wa pili Japani, na saketi niliyokuwa nikiihangaikia maabara tangu Jumatatu ilikuwa imekataa kuwaka. Bwenini sikutaka kurudi. Nikaingia mlango wa kwanza niliouona una taa na makelele.

Kumbe ni nyumba ya gemu, na si zile za kisasa za kuvua midoli kwa mkono wa chuma. Hii ilijaa mashine kuukuu, zimepangwa mgongo kwa mgongo, kila moja na kibati chake cha majivu ya sigara, na wanaume wa makamo wameinamia skrini kimya kana kwamba wanasoma khitma. Nilikuwa napita tu, najifuta maji usoni, mara nikasikia muziki. Vipande vichache tu vya sauti, vinajizungusha, vinajizungusha, havichoki. Miguu ilisimama kabla sijajua kwa nini. Nikageuka, nikaona ndege nyeupe ndogo inapita juu ya msitu wa kijani, na kwa mbali, yanashuka yakijipindua, mabati.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo.

Mwembetanga, mwaka 1994. Tivii kwetu haikuwa ajabu, kwani Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha rangi tangu miaka ya 70, wakati Bara vituo vya binafsi ndiyo kwanza vinaanza. Ajabu ilikuwa kile kisanduku alichokileta ami kutoka Dubai, kopi ya Famicom, mashine ya gemu ya nyumbani ya Wajapani, isiyokuwa na jina la mtengenezaji popote, pamoja na kaseti moja ya gemu 64. Ukiiwasha inakuja orodha. Majina mengine yameandikwa vibaya, mengine yamerudiwa mara tatu. Katikati ya orodha kulikuwa na neno linaloanza na X, Xevious, ambalo hakuna aliyeweza kulitamka, nasi tukaiita Gemu ya Mabati.

Mwenye gemu, kwa haki ya kuzaliwa, alikuwa mtoto mkubwa wa ami. Ananizidi miaka minne na mpaka leo namwita Kaka. Ndiye aliyetufundisha kwamba kitufe kimoja ni cha angani na kingine ni cha ardhini. Risasi za angani hazifiki chini, na bomu la chini halimgusi anayeruka. Ndiye pia aliyetukataza kumwaga mabomu pasipo na kitu, eti yataisha. Hayaishi. Lakini sisi tulimwamini, na kwa miaka yote ile hakuna mtoto nyumbani pale aliyelipiga pori tupu.

Na mabati je? Hayo yalikuwa vipande vya kijivu, bapa, vinavyoshuka vikijigeuza taratibu. Hayapigi risasi, hayakufuati. Ila ukiyagusa umekufa, na ukiyapiga yanalia tu, kling, kling. Kaka alituapia kwamba bati ukilipiga mara mia mbili linapasuka, na ndani yake mna roho kumi za ziada. Nani kakwambia? Kuna mtu Darajani kaona. Usiku mmoja akakaa kuhesabu kwa sauti, sisi tumemzunguka tumeshika pumzi. Alikuwa anadanganya kidogo, anajumlisha mabati tofauti kama vile ni moja, lakini nani angethubutu kumwambia? Alipofika mia na arubaini na saba umeme ukazima mtaa mzima. Kizani tukamsikia bibi, ambaye siku zote alishikilia kwamba gemu zitaunguza tivii yake, anasema polepole kutoka ukumbini: "Alhamdulillahi."

Basi. Miaka kumi na tisa baadaye, nimelowa chapachapa, niko mbele ya mashine ambayo ile yetu ilikuwa kivuli chake.

Nilitia sarafu ya yen 50. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba skrini imesimama wima. Kwenye tivii ya bibi ilikuwa imelala, kwa hivyo maadui walikuwa wakikutokea puani. Hapa unawaona wanakuja kutoka mbali, una nafasi ya kupanga. Cha pili ni rangi. Kijivu cha maadui kilikuwa na ngazi zake, hiki kimekolea, hiki kimepauka, hata vile vipande bapa vilipojigeuza viling'aa kama chuma hasa. Nilikuwa nimeganda kwenye kuangalia hayo nikasahau kukwepa. Roho tatu zote zikaisha kwa dakika chache.

Nyuma yangu alikuwa amesimama mtu. Shati jeupe, tai imelegezwa, mwavuli unadondosha maji kwenye kiatu chake, umri kama miaka arubaini na mitano. Niliinuka nikampisha, akaniinamia kichwa kidogo, akakaa. Alipotia sarafu tu akaikimbiza ndege yake mpaka ukingoni kabisa mwa kulia, akaanza kumwaga mabomu mfululizo. Chini hakuna kitu. Moyoni nikasema huyu hajui gemu, tena Kaka angemchapa kofi. Akaendelea kumwaga mpaka kundi la kwanza la maadui likatokea, na hapo skrini ikaandika maneno ambayo sikuwahi kuyaona maishani:

NAMCO ORIGINAL program by EVEZOO.

Akageuka kunitazama, tabasamu lake lile la mtu aliyetoa sarafu sikioni mwako.

Kijapani changu kilikuwa cha kusukuma, lakini mtu akipenda kitu chake hukusubiri. Akasitisha shughuli ya kushinda, akawa anacheza kwa mkono mmoja wa akili, mwingine ananieleza. Evezoo, alisema, ni jina la utani la Masanobu Endō, kijana aliyeitengeneza. Siku zile kampuni hazikuandika majina ya watengenezaji kwenye gemu. Mchezaji alijua jina la kampuni, Namco, basi. Endō akalichimbia jina lake ardhini, alipate atakayepoteza mabomu.

Mengine nilikuja kuyasoma mwenyewe wiki zilizofuata, badala ya kushughulikia saketi. Mwaka 1981 kampuni ya Konami ilikuwa imetoa Scramble, gemu ya ndege yenye risasi za mbele na mabomu ya chini, ikapendwa sana. Namco wakataka jibu lao. Mradi ulianza kama gemu ya helikopta za vita vya Vietnam, jina lake Cheyenne. Watu kadhaa wakauacha njiani, na mzigo ukaangukia kwa Endō, aliyekuwa hajamaliza hata miaka miwili kazini. Programu alijifunza kuiandika huku akiitengeneza. Hili lilinikaa kooni kwa muda, mimi niliyekuwa na mwalimu, vitabu na maabara, na taa yangu haiwaki.

Vita vya kweli akavitupa. Akaleta wavamizi kutoka sayari ya Xevious, akawaandikia kisa kirefu, akawapa hata lugha na tarakimu zao, mambo ambayo mtu anayetia sarafu asingeyaona kamwe. Chini akaweka ardhi inayoenda: msitu, mito, fukwe, barabara, na mahali pamoja ndege mkubwa aliyechorwa mchangani kama michoro ya Nazca kule Peru. Muziki ule usiochoka aliutunga Yuriko Keino. Yote hayo yalibebwa na prosesa tatu za Z80, mtambo uleule wa Galaga, gemu nyingine ya Namco. Z80! Tulikuwa nazo maabara ndani ya droo, tunafundishiwa kama vile wengine wanavyofundishiwa mifupa. Mwanzoni mwa 1983 gemu ilikuwa imeshaingia kwenye nyumba za gemu za Japani. Mwaka niliozaliwa mimi.

Lakini jioni ile sikuwa nayajua hayo. Nilichokijua ni kwamba yule bwana aliacha kuongea, akanionyesha kwa kidevu. Mbele ya ndege kuna alama ya shabaha inayotembea nayo, inakuonyesha bomu litaangukia wapi. Ilipopita juu ya kipande fulani cha pori, pori tupu kabisa, ikamemeta nyekundu. Akaangusha bomu. Ardhi ikafunguka, ukachomoza mnara. Akaangusha la pili, mnara ukabomoka, pointi zikapanda.

Sijui niseme nini kuhusu wakati ule. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, na nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyokulia ilikuwa na chumba kingine. Gemu ile tuliicheza mpaka vitufe vikafutika maandishi. Minara tulipita juu yake mara ngapi? Mamia. Na alama ya shabaha ilikuwa inatumemetea, nina hakika, ila macho yetu yalikuwa juu kwenye mabati, na mabomu tulikuwa tunayawekea akiba.

Akanionyesha minara mingine, kila mmoja akiujua kama mtu anavyojua mlango wa shangazi yake. Alisema alikuwa mwanafunzi wa sekondari siku hizo, na kwenye nyumba ya gemu ya mtaani kwao kulikuwa na daftari juu ya meza: aliyegundua kitu anaandika, wa kesho anasoma. Ukifa umeshapita sehemu kubwa ya eneo, asilimia 70, hurudishwi nyuma, unaendelea na linalofuata. Ukimaliza eneo la 16 unarudishwa la 7. Mwisho hauna. Na ukicheza vizuri sana gemu inakuletea maadui wakali zaidi. Hili la mwisho Kaka alikuwa anatuambia siku zote, kwamba mashine ina jicho, inamwona mjuzi. Sote tulidhani anajisifu.

Ndipo nikapata ujasiri wa kuuliza. Yale mabati yalipoanza kushuka nikayaonyesha kwa kidole, nikasema kwa Kijapani changu kibovu: hayo, ukipiga mara nyingi, yanavunjika?

Akacheka mpaka akapoteza ndege moja. Akaandika hewani kwa kidole: 256.

Kwao ilikuwa 256. Kila mtoto wa shule yao alijua kwamba ukilipiga mara 256 litavunjika, na kila mmoja alimjua mtu anayemjua aliyeona. Nikamwambia kwetu ilikuwa mia mbili. Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kwa uzito, kama vile tunazungumzia tofauti ya madhehebu. Kwa mtu wa elektroniki namba yao ina adabu zaidi: baiti moja inahesabu kutoka sifuri mpaka 255, na ukiongeza moja inarudi sifuri. Aliyeuzusha uvumi ule alikuwa anajua kompyuta, au alikaa karibu na anayejua. Wetu wa Darajani alipenda tu namba nzima. Ukweli ni kwamba programu haihesabu chochote. Risasi ikigusa bati inatoa ule mlio, kisha inapotea. Lakini nani angeweza kuthibitisha? Bati linavuka skrini kwa sekunde chache, hakuna kidole cha binadamu kinachofikisha risasi hizo kabla halijatoweka chini. Uvumi wa namna hiyo haufi, wala haujali uko Tokyo au Mwembetanga.

Akaangalia saa, akasimama ghafla. Treni. Gemu bado inaendelea, ndege moja imebaki. Hakusema kitu, alinishika bega akanisukumia kitini, nikaudaka mkono wa kuendeshea ukiwa bado na joto lake. Nilipopata nafasi ya kugeuka kumshukuru, nikaona mgongo na mwavuli.

Nilicheza peke yangu. Pori nililipiga mabomu bila huruma, nikaibua mnara mmoja, wangu mwenyewe. Kisha mabati yakaja, na badala ya kukwepa, nikajikuta nimejipanga chini ya moja, nabonyeza, nahesabu kwa Kiswahili, kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Mtu wa mashine ya jirani akainua kichwa. Nilifika tisa.

Nje mvua bado inanyunyiza. Nikasimama chini ya paa la stesheni, nikamwandikia Kaka kwa WhatsApp. Siku hizi yuko Muscat, ana watoto wanne. Kwangu saa nne na nusu usiku, kwake saa kumi na moja na nusu jioni. Nilimweleza kila kitu, minara, Evezoo, 256, mpaka vidole vikaniuma. Mwisho nikaandika: Kaka, mabati hayapasuki.

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Weye umeyapiga mara ngapi?"

"Tisa."

"Sasa umejuaje?"