Trier: magofu ya Kirumi yaliyookolewa na kanisa

Wageni wengi hufika Trier, magharibi mwa Ujerumani, wakapiga picha mbele ya Porta Nigra, lango la mji la Kirumi, kisha wakarudi zao Luxembourg. Hiyo ni hasara. Uzuri wa mji huu uko pale ujenzi wa Warumi unapokutana na ule wa Zama za Kati, na maungio yake yanaonekana kwa macho ukijua pa kuangalia.

Anza na lango lenyewe. Kutoka stesheni ni kama dakika kumi kwa miguu. Lilijengwa yapata mwaka 170 BK kwa mawe makubwa ya mchanga yaliyopangwa bila chokaa, yakashikwa kwa vibanio vya chuma vilivyomiminiwa risasi. Sogea karibu na ukuta utazame matundu yaliyochimbwa ovyo kwenye maungio ya mawe: baadaye watu walikuwa waking'oa chuma na risasi hiyo, kwa maana ilikuwa mali. Malango mengine ya mji yalibomolewa kabisa. Hili lilisalimika kwa sababu mtawa mmoja, Simeoni, alijifungia humo hadi alipofariki mwaka 1035, na Askofu Mkuu Poppo akaligeuza kanisa. Mwaka 1804 Napoleon aliamuru kanisa liondolewe, lakini sehemu yake ya altare, upande wa mashariki, ingali pale. Panda juu: kwenye kuta za Kirumi utaona sanamu za watakatifu zilizochongwa karne ya 18.

Teremka hadi Hauptmarkt, uwanja wa soko wenye msalaba wa mwaka 958, kisha ingia Kanisa Kuu. Kiini chake ni cha Kirumi, cha karne ya nne. Lile gogo la jiwe lililolala nje ya mlango ni kipande cha nguzo ya matale ya kanisa la kwanza.

Ukumbi wa Konstantino, mfalme wa Kirumi, una urefu wa mita 67 na kimo cha mita 33, na ndani hauna nguzo hata moja. Simama mlangoni utazame madirisha ya mwisho kabisa. Yamefanywa madogo na kushushwa kidogo ili jicho lidhani ukumbi ni mrefu zaidi. Hakuna kiingilio, ila ni kanisa la Kiprotestanti linalotumika, hivyo usipange kwenda Jumapili asubuhi.

Mabafu ya Kifalme yana njia ndefu za chini ya ardhi, zenye baridi na unyevu. Vaa viatu visivyoteleza. Uwanja wa michezo wa kale uko mbali kidogo, juu kwenye mteremko, na hapo ndipo wengi huchelewa. Kuanzia Novemba hadi Februari magofu hufungwa saa kumi jioni, basi nenda huko mapema, maduka ya sokoni yabaki ya mwisho. Ukikusudia kuingia zaidi ya sehemu moja, uliza tiketi ya pamoja iitwayo AntikenCard. Inajumuisha na jumba la makumbusho, ambalo Jumatatu hufungwa.

Kutoka Luxembourg treni huchukua chini ya saa moja. Usafiri wa umma wa Luxembourg ni bure, lakini mwisho wake ni mpakani: nunua tiketi ya kipande cha Ujerumani kabla ya kupanda. Viza ya Schengen inatosha nchi zote mbili, ila pasipoti usiiache hotelini, kwani polisi wa Ujerumani hukagua mpakani.