Siku moja maishani mwangu: kuunganisha asasi na halmashauri, Iringa

Watu wakisikia kazi yangu ni kuzikutanisha asasi na serikali wanaona semina na posho tu. Ngoja niwasimulie jana.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko stendi, baridi ya Juni Iringa mnaijua. Saa mbili nishafika wilayani, nimesaini kitabu cha wageni, nimemsalimia afisa maendeleo ya jamii, nimetoa kopi za makabrasha ya kikao cha lishe.

Saa tatu kikao kianze, kikaanza saa tano maana mwenyekiti aliitwa kwingine.

Sasa hapo ndo kazi ilipo. Asasi mbili, zote za lishe, zote zinataka kata zilezile za barabarani, kule ndani ambako mvua zikianza gari halipiti hakuna anayekutaka. Na huu ndo mkoa ambao utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati mahindi na maharage tunalima wenyewe! Mtoto anashiba uji mtupu, mama yuko shamba tangu alfajiri, kwa hiyo afya peke yao hawaliwezi hili, kilimo wawepo, maji wawepo, na asasi ziwepo. Afisa mradi mmoja akanijibu, "Dada, mfadhili ameshapitisha hizo kata." Nikamuuliza kama amewahi kukaa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kule, maana ni mama mmoja huyohuyo anajaza daftari la serikali, la asasi hii na la asasi ile, mtoto yuleyule anahesabiwa mara tatu na kila mtu anaandika kwenye ripoti kwamba kamfikia. Kimya. Halafu wakarudi palepale, mfadhili, mfadhili, chai imepoa, njaa inauma, kichwa kinagonga.

Aliyetuokoa ni afisa lishe. Akabandika ramani ya wilaya ukutani akaanza kuuliza kata kwa kata nani yupo, na zile tupu zikaonekana kwa macho ya kila mtu. Asasi moja ikaachia kata mbili za barabarani ikachukua ya ndani, na wote wakakubali kutumia daftari la serikali. Nilifurahi jamani.

Kilichobaki ni hela. Mwaka wa halmashauri unaanza Julai na bajeti yake imeshapita, miradi yao inaanza Januari, mradi ukiisha hakuna kifungu cha bajeti cha kuuendeleza. Mkataba wa lishe, ule ambao wakuu wa mikoa wamesaini na serikali kuu, unataka halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano, basi asasi zilete mipango mapema, wakati bajeti inaandaliwa, tuone hiyo elfu inaenda wapi na wao wanajazia wapi. Nimewaandikia wote usiku huohuo, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, kwamba rasimu nazitaka kabla ya Novemba, na nitazifuata ofisi kwa ofisi.