Jiwe linakokubali

Jana usiku binti yangu alinigeuzia kompyuta. Alikuwa amefungua Google Earth na kuiinamisha picha mpaka milima ya Usambara ikasimama pale mezani kwetu, mabonde na migongo yake yote.

"Baba, huku naona mlima ila ile mistari ya kontua siioni. Kwenye ramani ya mwalimu kontua naziona, mlima siuoni. Sasa nisome ipi?"

Sikumjibu mara moja. Kimawazo nilikuwa nimeshafika Lushoto, huko huko Usambara, kwa mjomba, likizo ya Juni, mwaka niliokuwa kidato cha tatu.

Wa rika langu mnakumbuka tulivyosoma ramani. Karatasi moja ya kipimo cha 1:50,000 inazungushwa darasa zima, ikikufikia imeshachakaa kwenye mikunjo. Maelezo ubaoni kwa Kiingereza, tunanakili, usiku tunameza. Kichwani nilikuwa nayo yote: kontua huunganisha sehemu zenye mwinuko ulio sawa, zikisongamana, mteremko ni mkali, zikipinda kama herufi V na ncha ikaelekea juu, hapo pana bonde la mto. Ukiniamsha usiku wa manane nakutajia. Lakini siku ya jaribio, nilipowekewa ramani yenyewe mbele yangu, kila bonde nililiita mgongo wa mlima, na kila mgongo nikauita bonde. Ile karatasi ya majibu mama hakuiona.

Mjomba hakujua habari za jaribio. Yeye alikuwa na shamba la maharage mlimani, na masika yalikuwa yamemchukulia udongo mpaka mawe yakabaki wazi. Alitaka kuchimba matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, kabla ya vuli. Asubuhi akanigongea dirisha: "Mjomba, amka ukanishikie mguu mmoja." Ndivyo tulivyoitana, yeye mjomba na mimi mjomba.

Mguu wenyewe ulikuwa wa fremu A. Miti miwili iliyofungwa pamoja juu, imetanuliwa chini kiasi cha mita mbili, na mti wa tatu umekatiza katikati. Kileleni inaning'inia kamba yenye jiwe. Kwanza aliisimamisha, akatia alama ya mkaa pale kamba ilipougusa mti wa kati. Akaigeuza, mguu wa kushoto ukakaa mahali pa wa kulia, akatia alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili akachonga kwa kisu. "Kamba ikisimama hapa, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Hata kama ardhi yenyewe imelala upande."

Tukaanza. Mguu wake unakaa, wangu nausogeza juu kidogo, chini kidogo, tunangoja jiwe liache kubembea. Likitulia kwenye alama, tunapigilia kijiti na kusonga mbele. Palikuwa na ukungu, majani yameloa, na mimi nilitaka tumalize upesi, hivyo nikawa nauvuta mguu kufuata mstari ulionyooka. Kila nikifanya hivyo jiwe linakimbilia pembeni.

"Usiende unakotaka wewe," aliniambia. "Nenda jiwe linakokubali."

Tulipofika kwenye korongo linalokata shamba, nilitaka kulivuka moja kwa moja kwenda ng'ambo. Jiwe likakataa. Nikashusha mguu chini, likakataa zaidi. Nikaupandisha, likatulia. Tukapigilia. Hatua iliyofuata, tena juu. Tukawa tunaingia ndani ya korongo, tunapanda nalo kuelekea linakotokea maji, kijiti baada ya kijiti, mpaka tukakuta mahali sakafu ya korongo yenyewe imeinuka ikafikia kimo chetu. Hapo tukavuka, tukaanza kurudi kwa upande wa pili.

Ukungu ulipoondoka nikageuka kutazama tulikotoka. Vijiti vilikuwa vimejipanga mlimani. Kwenye mgongo vilijitokeza nje, kwenye korongo viliingia ndani, na ncha yao ilielekea juu. Nilisimama pale na matope magotini. Ile herufi V niliyoimeza mwaka mzima nilikuwa nimeichora kwa mikono yangu. Mjomba aliniuliza kama naumwa.

Matuta yalichimbwa, majani ya gwatemala yakapandwa juu yake. Mtihani wa kidato cha nne ulikuja, swali la ramani likaniendea vizuri.

Sasa huyu binti yangu, aliyezaliwa Dar es Salaam, nitampatia wapi mteremko na kamba? Nilimwambia aweke kishale mlimani, juu kidogo ya Lushoto, aangalie namba ya mwinuko chini ya skrini. "Tafuta 1,400. Weka pini. Sasa tembea, lakini namba isibadilike."

Akanicheka kidogo, kisha akanyamaza. Pini ya pili, ya tatu, ya tano. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, najiuliza kama kidole kinaweza kujifunza kile bega langu lilichojifunza siku ile, maana hapa hakuna jiwe la kukukatalia, kuna namba tu. Kishale kikafika ukingoni mwa bonde. Akakivuta moja kwa moja kwenda ng'ambo, namba ikaporomoka. Akakirudisha. Akajaribu chini, ikaporomoka zaidi. Nilijizuia nisiseme kitu.

Akakipandisha juu.

"Kumbe inaingia ndani," alisema.

Ilikuwa saa nne na nusu usiku. Mama yake aliita mara mbili tukalale, na pini zilikuwa bado hazijafika mahali pa kuvukia.