Mkono wa Cessna ndani ya Robinson

Mara ya kwanza honi ya chopa ya Robinson R22 ilipolia mimi nikiwa nimeshika usukani, nilisukuma fimbo mbele. Sikufikiri. Miaka saba nilikuwa nimerusha ndege ya Cessna 206 kutoka Wilson, Nairobi, kwenda Mara, Amboseli na Lodwar, na kwenye Cessna honi ikilia ina maana moja tu: bawa linaishiwa na hewa, teremsha pua upesi. Mwalimu aliyeketi kushoto kwangu aliirudisha fimbo nyuma kwa vidole viwili, akashusha kolektivu, yaani wenzo wa mkono wa kushoto unaopandisha na kushusha chopa, huku akiongeza mafuta, honi ikanyamaza. Kisha akasema kwa upole ulioniuma kuliko kufokewa: "Ungekuwa peke yako, saa hizi tungekuwa njiani kuja kukuokota."

Hiyo ilikuwa wiki yangu ya kwanza ya mafunzo ya chopa karibu na Pretoria, Afrika Kusini. Nilikwenda na karibu saa 2,000 za ndege na kiburi cha kutosha. Nilidhani nitamaliza haraka kuliko vijana wa miaka ishirini niliowakuta hosteli, ambao hawakuwahi kushika usukani wa kitu chochote zaidi ya Toyota ya baba. Wao walinizidi. Hawakuwa na la kusahau.

Baadaye nikagundua tatizo langu linajulikana kitambo. Mtengenezaji wa Robinson hutoa notisi za usalama, na mojawapo imeandikwa kwa ajili ya watu kama mimi: rubani wa ndege anayehamia chopa yuko hatarini zaidi, kwa sababu akishtuka mkono wake hurudia mambo ya ndege. Niliisoma mara tatu usiku ule. Ilikuwa kama barua iliyoandikwa kwa jina langu.

Nieleze honi yenyewe, maana ndiyo kiini cha ajali nyingi za chopa hizi. R22 ina mapanga mawili tu, tena mepesi, kwa hiyo hayahifadhi nguvu nyingi ya mzunguko. Kazini mshale wa kasi ya rota, yaani mapanga hayo, hukaa asilimia 104. Ukishuka hadi 97, honi inalia na taa inawaka. Ukishuka hadi 80, ongeza moja kwa kila futi 1,000 za mwinuko, mapanga yanakwama hewani na hayarudi tena, hata ufanye nini. Kiwanja chetu kilikuwa juu ya futi 4,000, kwa hiyo kwetu mpaka ulikuwa kama 84, na siku ya joto ulikuwa juu zaidi. Ukichelewa kushusha kolektivu injini ikizima, unao muda wa kusema "lo!" na haufiki "mama".

Na wala si lazima injini izime. Mwanafunzi akivuta kolektivu kupita uwezo wa injini siku ya jua kali, mzunguko unashuka. Akiushika mpini wa mafuta kwa nguvu, vilevile. Ule mpini uko kwenye kolektivu, unazungushwa kama wa pikipiki, na kuna kifaa kinachouzungusha chenyewe ili kasi ya rota ibaki palepale. Kinaitwa gavana. (Si wa kaunti, huyu anafanya kazi.) Lakini gavana ana nguvu ndogo kuliko kiganja cha mtu mwenye hofu. Ukibana, umemfunga mikono. Mimi nilikuwa mbanaji. Mwalimu alikuwa akinigonga kidole gumba kwa kalamu kila alipoona mishipa imetokeza.

Kilichonisaidia ni kitu cha kuchekesha. Rafiki yangu wa hosteli, kijana wa Arusha aliyekuwa akiniita braza kwa sababu ya umri, alirekodi ile honi kwenye simu yake. Tukakubaliana aipige wakati wowote, popote, na mimi nifanye mambo matatu kwa pamoja: mkono wa kushoto ushuke, kiwiko cha mkono huohuo kisicheze bali kifundo kizungushe mafuta, mkono wa kulia uje nyuma kidogo. Kitandani nilikuwa na mti wa ufagio badala ya kolektivu. Aliipiga nikipiga mswaki. Aliipiga saa kumi usiku. Siku moja aliipiga nikisonga ugali, mwiko mkononi, nikashusha mkono wa kushoto ulioshika sufuria na chakula cha watu wanne kikaenda sakafuni. Alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umekuja nyuma bila kuulizwa.

Ile ya kusukuma fimbo mbele ina ubaya mwingine, na huo haufundishwi kwa kuonyeshwa angani, kwa kuwa ni marufuku kuujaribu. Mapanga ya Robinson yamening'inizwa juu ya mlingoti kama pembea ya watoto, na chopa yenyewe inaning'inia chini yake. Ukisukuma fimbo ghafla, mwili wa chopa unakuwa mwepesi, ule wepesi unaousikia tumboni gari likiruka tuta. Sasa rota haibebi kitu, lakini rota ya mkia bado inasukuma, na chopa inalalia kulia. Mkono wa mtu yeyote utaipeleka fimbo kushoto. Mapanga yanainama, mwili haufuati, na kitovu cha rota kinagonga mlingoti. Mlingoti ukikatika hakuna cha kusimulia. Dawa ni kuvuta fimbo nyuma taratibu kwanza, rota ipate uzito, ndipo unyooshe. Marekani walitoa kanuni maalum ya mafunzo ya R22 na ndugu yake mkubwa R44 mwaka 1995 kwa ajili ya mambo haya, na New Zealand, nchi ya milima na pepo, tume ya uchunguzi wa ajali iliziweka Robinson kwenye orodha yake ya mambo ya kutazamwa mwaka 2016. Mwalimu alinifundisha kwa rula na kalamu mezani, akagonga kalamu kwenye rula mara moja, ta! Nilielewa.

Lakini ajali niliyoikaribia kabisa ilikuwa futi tatu juu ya nyasi.

Ilikuwa kama saa yangu ya tisa ya kurusha chopa. Milango ilikuwa imetolewa kwa ajili ya joto. Nilikuwa nimeanza kuiweza ile kazi ya kusimama hewani, na mwalimu akaniambia nitue. Chopa ambayo mapanga yake yanazunguka kama ya R22 husukumwa kulia na rota ya mkia, kwa hiyo unaishikilia kushoto kidogo muda wote. Mimi, kwa mazoea ya Cessna, nikainamisha macho kwenye vipimo. Tukateleza kulia polepole, labda mwendo wa mtu anayetembea akizungumza na simu. Nikashusha. Skidi ya kulia, mmoja wa miguu miwili ya kutulia, ikanasa kwenye kichaka cha nyasi.

Upande ule ndio niliokaa mimi. Niliona nyasi zikija begani kwangu, moja moja, ningeweza kuzihesabu. Na mkono wangu ulifanya nini? Ulivuta kolektivu juu. Kwenye ndege, kutua kukiharibika unatia mafuta yote unarudi hewani, na nimeokolewa na hilo Mara siku pundamilia walipovuka njia. Kwenye chopa iliyonasa mguu, kuvuta juu ni kuipindua kwa mkono wako mwenyewe: skidi imekuwa bawaba, na rota inavuta mwili wote kuizunguka. Ikipita nyuzi chache, fimbo ya kushoto haina nguvu tena ya kuirudisha.

Fimbo ya R22 ni kama herufi T, shina moja katikati ya viti na mikono miwili, wangu ukishuka wa mwalimu unapanda kama mizani ya sokoni. Hakujisumbua nayo. Alishusha kolektivu tu. Tukarudi chini kwa kishindo, meno yangu yakagongana, na kofia yake ikamshukia machoni. Akazima injini. Tukashuka, tukazikagua skidi tukiwa tumepiga magoti, hakuna aliyesema neno. Ndipo akasema: "Ile kurudi hewani yako iache Nairobi."

Wiki mbili zilizofuata nilitua nikitazama mkaratusi mmoja mwishoni mwa kiwanja, na kabla skidi hazijagusa nasema kwa sauti, "chini." Neno lilikaa kinywani likakaa na mkononi. Hata mwalimu, Kaburu wa watu asiyejua Kiswahili, akaanza kusema "chini" na wanafunzi wake wengine.

Mengine nitayapitia haraka. Uzito: R22 hairuhusiwi kuzidi kilo 622 pamoja na waliomo, na chopa tupu inakaribia kilo 400. Mimi kilo 94, mwalimu 88. Fanya hesabu uone mafuta yanabaki ya safari gani. Nilianza kuzitazama chapati kwa jicho la rubani. Barafu ya kabureta nayo ilinishangaza, kwa kuwa 206 haina kabureta kabisa. Siku ya mawingu na nyuzi 18 za joto, barafu inajijenga ndani ya injini, na gavana, kwa kazi yake nzuri, anafungua mafuta zaidi kimyakimya hadi hana pa kufungua. Husikii kitu. Ndiyo maana unatazama kipimo cha joto la kabureta badala ya kusubiri injini ikuambie.

Ila mazoezi ya injini kuzima siwezi kuyapita. Mtengenezaji mwenyewe anasema kila mwaka chopa nyingi huharibika kwa kujizoeza kitu ambacho chenyewe hutokea kwa nadra. Unashusha kolektivu, chopa inaporomoka na upepo unaopanda ndio unaozungusha mapanga, unashika mwendo wa noti 65 (maili za baharini kwa saa), kama futi 40 unainua pua kuvunja mwendo. Penye kuua ni pale mwanafunzi anapokuja vibaya na bado anataka kumaliza. Kanuni ni kwamba ukifika futi 100, mzunguko uwe katikati ya alama ya kijani kwenye kipimo, mwendo kati ya 60 na 70, mteremko wa kawaida, na kona imekwisha. Kimoja kikikosekana, rudisha injini uondoke. Kwenye hewa nyepesi kama ya kwetu, uamuzi huo unafanywa futi 200 au zaidi.

Siku moja ya mazoezi hayo, mara ya nne, nilikata kona nikiwa nimechelewa. Futi 250, chopa bado imelala upande, mwendo 55 na unashuka. Mwalimu alinyamaza. Nilijua ananingoja, na ndani yangu kuna mtu mwenye saa 2,000 aliyekuwa akisema nitaiweka sawa, nitaiweka sawa. Nikazungusha mafuta, nikasema "naondoka," nikaondoka. Kwa hiyo ile kurudi hewani nilikuwa nimebeba hata hivyo, ilikuwa tu na mahali pake. Tulipotua aliandika kwenye daftari langu kwamba kesho yake nirushe peke yangu.

Sasa narusha R44 kutoka Wilson, ambako ardhi yenyewe iko zaidi ya futi 5,500 na mchana wa Februari hewa inakuwa kama ya futi 8,000. Mwezi uliopita, napanda kuelekea Mombasa Road nikiwa na abiria wawili, korongo mmoja wa wale wakubwa wa Nyayo akatokea mbele ya kioo, mabawa wazi kama shuka iliyoanikwa. Cessna ingenifanya nizamie chini yake. Abiria wa mbele alipiga kelele. Nilipotazama mkono wangu, ulikuwa umeshaivuta fimbo nyuma kidogo na kushoto, na korongo alikuwa akipita chini ya skidi ya kulia bila haraka yoyote.