Mlonge, dagaa na ubuyu: ninavyoviandaa visipoteze lishe

Karibu kila muuza unga wa mlonge ana karatasi ileile: vitamini C mara 7 ya chungwa, vitamini A mara 4 ya karoti, kalsiamu mara 4 ya maziwa, potasiamu mara 3 ya ndizi. Hesabu hizo zinalinganisha gramu kwa gramu, na hapo ndipo mtu anapopotea. Hakuna anayekula gramu 100 za unga wa mlonge kwa siku. Kijiko cha nne tu kitakukwama kooni. Kwenye mizani yangu ya jikoni, kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 2 hivi. Vijiko viwili kwenye uji vinakupa kalsiamu ya miligramu 80 hivi, na glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300. Protini yake haifiki robo ya yai moja. Na hiyo vitamini C inayotajwa ni ya majani mabichi. Majani yakishakauka, sehemu kubwa imekwenda.

Kwa hiyo msimu majani yakiwepo napika mboga, na unga nauweka kwa ajili ya kiangazi. Gramu 100 za majani mabichi zina protini karibu gramu 9, kiasi ambacho mchicha haukikaribii. Wengi hufanya kinyume: mti uko uani, majani yanapukutika, wao wananunua kopo.

Unga mzuri unaanzia kwenye kuvuna. Navuna asubuhi, umande ukishakauka, nikikata matawi mazima na kuacha yenye majani ya njano. Naosha yakiwa bado kwenye vijiti vyake, kwa sababu majani yaliyochambuliwa yanagandana na kushika maji. Maji lita 10, chumvi gramu 100, dakika 3 hadi 5, kisha nasuuza kwa maji safi, nakung'uta na kuyatundika mpaka yaache kudondosha. Hapo ndipo nachambua. Vijiti vyembamba navitoa vyote, maana havikauki sawa na majani, na ukivisaga unga unakuwa na nyuzinyuzi zinazochoma koo.

Kukausha ni kivulini, na sirudi nyuma kwenye hilo. Nimetumia fremu ya mbao iliyowambwa chandarua, ndani ya chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, fremu ikiwa juu ya matofali ili hewa ipite chini. Kilo 1 ya majani kwa kila mita moja ya mraba, si zaidi. Nageuza mara mbili kwa siku kwa mikono mikavu. Kipindi cha ukavu siku 3 au 4 zinatosha. Masika sikaushi kabisa: unyevu wa pwani unayafanya majani kuwa meusi na kutoa harufu ya kuchacha, na unga wa namna hiyo hauokoki. Juani yanakauka kwa siku moja, ni kweli, lakini jua ndilo linaloua vitamini A ya majani. Utaiona hasara kwa macho. Uliokauka kivulini ni kijani kibichi. Ulioanikwa juani una rangi ya nyasi za kiangazi. Ukikuta sokoni unga wa rangi hiyo, ujue unanunua makapi.

Majani yakiwa tayari, yafumbate kiganjani: yanalia na kuvunjika kama chipsi nyembamba. Yakijikunja bila kuvunjika, yarudi kwenye fremu. Ukisaga yakiwa na unyevu, unga utafanya mabonge ndani ya wiki mbili, na mabonge ni mlango wa ukungu. Kinu kinafaa, ila kisiwe kile cha kutwangia vitunguu saumu, maana harufu itahamia kwenye unga. Kwa blenda nasaga kwa sekunde 30, napumzisha, narudia, ili visu visiupashe moto unga. Kisha nachekecha. Kilo moja ya majani yaliyochambuliwa inanipa kama gramu 200 za unga. Nahifadhi kwenye chupa ndogo ndogo ndani ya kabati lenye giza, kila moja ikiandikwa tarehe, kijiko kikavu tu kikiruhusiwa kuingia. Baada ya miezi 6 unaobaki naupeleka kwenye bustani.

Kwenye matumizi, unga unaingia chakula kikishaepuliwa: uji, maharage, mchuzi. Anayeanza aanze na nusu kijiko cha chai kwa siku. Kuanza na vijiko vitatu kunaharisha, na mtu anaulaumu mlonge. Mizizi na magome usiguse kama chakula, na mjamzito ayaepuke kabisa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, azungumze na daktari wake kwanza, kwa sababu majani haya yana vitamini K nyingi inayopingana na dawa hiyo. Vivyo hivyo mwenye dawa za kisukari au za presha.

Mboga ya majani mabichi haina maajabu. Nachagua vikonyo vichanga, nachemsha dakika 2 na kumwaga yale maji kama uchungu umezidi, kisha naunga kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi au karanga zilizosagwa, dakika 5 tena jikoni. Mafuta ya nazi au ya karanga ni ya lazima kwa sababu vitamini A ya majani haifyonzwi vizuri bila mafuta. Mlonge uliochemshwa kwa maji matupu, ambao baadhi ya watu wanaula wakidhani ndiyo afya zaidi, unakupa kidogo kuliko ule wa nazi. Ndimu nakamulia mezani. Ukiitia chunguni mapema, mboga inakuwa kaki, na vitamini C ya ndimu inaungua na moto.

Tukija kwenye dagaa, hapa ndipo fedha yangu ilipo. Kama ingebidi nibaki na kitu kimoja kati ya hivi vitatu, ningebaki na dagaa. Anayeliwa mzima na mifupa yake anatoa kalsiamu na protini, na madini yake ya chuma yanafyonzwa kuliko ya majani. Zaidi ya hayo, nyama yake inausaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye maharage au mchicha ulioliwa nao pamoja. Dagaa kidogo ndani ya sufuria ya maharage wana kazi kubwa kuliko kijiko chochote cha unga wa kijani.

Taabu ya dagaa ni mchanga. Wanaoanikwa chini ufukweni wanakuja nao. Wanaoanikwa kwenye vichanja wanakuja safi na bei imepanda. Mimi nanunua wa kichanja, kwa sababu ukipima baada ya kuosha, wale wa bei rahisi unajikuta umelipia mchanga. Tazama rangi: wenye mng'ao wa fedha ni wazuri. Waliogeuka njano au kahawia, wenye harufu kali inayokaba pua, walinyeshewa wakati wa kuanikwa au mafuta yao yameharibika, na hakuna kiungo kitakachowaficha.

Naloweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 tu. Wakizidi wanalegea na kumeguka. Kisha nasuuza, nikiwainua kwa mikono kutoka kwenye bakuli. Usimimine maji pamoja na dagaa, kwani mchanga ulioshuka utarudi juu. Natulia dakika 2, napapasa sakafu ya bakuli kwa vidole. Bado kuna chembe? Maji mengine. Kwa kawaida ni mara nne. Nawachuja, nawakausha kwa kitambaa, nawakaanga kwa mafuta kidogo mpaka walie kwenye sufuria, ndipo kitunguu na nyanya vinaingia. Nyanya zikitangulia, dagaa wanakuwa kama sponji.

Kwa uji wa mtoto aliyevuka miezi 6 nasaga unga wa dagaa, na kosa linalojirudia ni kusaga kabla ya kuosha. Mchanga ukishasagwa na dagaa hautoki tena, hata kwa chekecheo la kitambaa. Osha, anika upya kwenye wavu mpaka wakauke kabisa, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo, saga, chekecha. Kijiko cha chai kimoja kwenye bakuli la uji, wakati uji unachemka. Chumvi usiongeze. Na usitengeneze wa miezi mitatu: mafuta ya samaki yanachacha upesi, mimi natengeneza wa wiki mbili na kuuweka kwenye friji.

Ubuyu naupa kazi moja tu, vitamini C, na kazi hiyo unaiweza. Nazungumzia ubuyu mweupe wa Dodoma unaotwangwa na kuchekechwa. Ule mwekundu wa kwenye vifuko ni peremende: sukari, rangi, iliki, na ni mtamu, lakini usiuhesabu kwenye lishe. Natwanga taratibu ili mbegu zisipasuke, nachekecha, nahifadhi pakavu. Ukiona umegeuka kahawia na kugandamana kama jiwe, umenyonya unyevu. Kijiko cha chakula kimoja kwenye glasi ya maji, au kwenye uji uliokwisha kupoa kiasi cha kunyweka. Usichemshe juisi ya ubuyu. Ukiichemsha unabaki na uchachu mzuri, basi.

Hivi vitatu nimeviunganisha kwenye mlo mmoja kwa sababu vinasaidiana. Chuma cha maharage na majani ni kigumu kufyonzwa. Ubuyu au ndimu inakilegeza, dagaa wanakisukuma. Maharage nayaloweka usiku kucha na kumwaga maji, kupunguza vile vizuizi vilivyomo kwenye nafaka na kunde. Sahani yangu ya mchana ni ugali wa dona, maharage yenye dagaa, mlonge wa nazi, na glasi ya ubuyu. Haina kitu cha kutoka ng'ambo na bei yake haishtui. Kwa upande wa vitamini A, kwenye msimu wake, viazi lishe vya rangi ya chungwa vinashinda unga wowote: gramu 125 zilizochemshwa zinatosheleza mahitaji ya siku ya mtoto mdogo.

Kitu nilichokiacha kabisa ni unga wa lishe wenye vitu kumi na mbili ndani yake. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele na mtama kwa pamoja ni wanga juu ya wanga. Aina moja inatosha. Soya ikisagwa bila kuchemshwa au kukaangwa vizuri inazuia tumbo kumeng'enya protini. Karanga ndani ya unga zinachacha ndani ya wiki chache, na mbaya zaidi ni sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu, ambayo huioni, huinusi, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa nafaka yenye sumu hiyo. Basi nachambua karanga moja moja, nikitupa zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu, nakaanga, nasaga za siku chache tu na kuzitia kwenye uji wakati wa kupika. Dagaa na maziwa vivyo hivyo: kila kimoja kwenye chombo chake, vinakutana sufuriani.

Imebaki chai. Chai ya rangi ikiteremshwa na chakula inafunga chuma cha mimea, na kahawa hivyo hivyo. Sikuiacha, nimeisogeza: saa moja kabla ya kula, au saa mbili baadaye. Wageni wakija na birika limeshawekwa mezani pamoja na sahani, nakunywa, na mlonge wa siku hiyo nauhesabu kuwa ni mboga tu.